Uchungu wa balungi si dalili kwamba halina sukari

Ukipita katika soko la Voi, au ukiteremka hadi Taveta ambako ndizi hupakiwa kwenye malori, huwezi kusema kwamba wakazi wa Taita Taveta hawana matunda. Maembe, mapapai, machungwa, matikiti na mapera hupatikana kila moja kwa msimu wake. Balungi nalo lipo, ingawa si tele kama chungwa, na wengi hulipita kwa sababu ya uchungu wake. Wachache wanaolinunua aghalabu hulinunua kama dawa. Utasikia likisifiwa kwamba linayeyusha mafuta mwilini, kwamba linasafisha damu, na kwamba mtu aliyekatazwa vitu vitamu anaweza kulila bila hofu kwa kuwa eti halina sukari.

Ni sifa hii ya mwisho ninayotaka kuipinga. Kwa watu wengi haina madhara makubwa, maana balungi ni tunda jema. Lakini wapo watu ambao miili yao haipatani na sukari ya matunda, yaani fruktosi, na kwao ushauri huo unaweza kuleta maumivu. Kwa baadhi yao, hasa watoto wachanga, unaweza kuleta kifo.

Jina moja, mambo matatu

Sehemu ya tatizo letu ni lugha. Neno sukari kwetu lina kazi nyingi mno. Sukari ni ile tunayotia katika chai. Sukari ni ugonjwa, ndiyo maana mtu husema "mama ana sukari". Tena sukari ni jina la jumla la aina nyingi za vitu vinavyopatikana katika vyakula, ambavyo mwili huvishughulikia kwa njia tofauti.

Msomaji anahitaji kukumbuka aina tatu tu. Ya kwanza ni glukosi, ambayo ndiyo inayopimwa katika damu ya mgonjwa wa kisukari. Ya pili ni fruktosi, ambayo hupatikana kwa wingi katika matunda na asali. Ya tatu ni sukrosi, yaani sukari ya mezani itokanayo na miwa, ambayo ni glukosi na fruktosi zilizoungana. Ukila kijiko cha sukari ya mezani, utumbo huivunja, na nusu yake inakuwa fruktosi.

Kwa hiyo mtu asiyepatana na fruktosi si lazima awe na kisukari, na mwenye kisukari si lazima awe na shida na fruktosi. Hayo ni maradhi tofauti na ushauri wake ni tofauti. Hata hivyo, kwa kuwa yote tunayaita sukari, jirani humpa jirani ushauri wa ugonjwa mwingine kwa nia njema kabisa.

Balungi lina nini ndani yake?

Balungi ni mzaliwa wa visiwa vya Karibi. Lilitokea huko Barbados katika karne ya 18, baada ya chungwa tamu kuchanganyika na lile tunda kubwa la jamii ya ndimu linaloitwa furungu. Karibu asilimia 90 ya nyama yake ni maji. Katika gramu 100 mna kalori zipatazo 40 tu, vitamini C miligramu zaidi ya 30, potasiamu, na ufumwele kiasi. Nusu ya balungi la wastani humpa mtu mzima karibu vitamini C yote anayohitaji kwa siku, maana Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 45.

Hayo ni mazuri yake. Sasa tuje kwenye sukari. Katika gramu hizo 100 mna sukari zipatazo gramu 7. Kati ya hizo, fruktosi ni karibu gramu 1.8, glukosi gramu 1.6, na sukrosi gramu 3.5. Ukikumbuka kwamba nusu ya sukrosi ni fruktosi, utaona kwamba jumla ya fruktosi inayoingia mwilini ni karibu gramu 3.5.

Mbona basi ulimi hausikii utamu huo? Kwa sababu umefunikwa. Ukali wa balungi hutokana na asidi, na uchungu wake hutokana na kitu kiitwacho naringini. Vitu hivyo viwili haviondoi sukari. Vinauzuia ulimi kuitambua tu. Hata limau, ambalo hakuna anayeliita tamu, lina sukari ndani yake. Ulimi si mizani, na anayepima sukari kwa ulimi atadanganyika.

Na hizo habari za kuyeyusha mafuta? Hakuna tunda linaloyeyusha mafuta mwilini. Balungi humsaidia anayetaka kupunguza uzito kwa sababu lina maji mengi na kalori chache, jambo ambalo hata tango linaweza.

Matatizo mawili yasiyofanana

Mtu akisema "matunda yananidhuru", yapo magonjwa mawili ya fruktosi ambayo hapana budi kuyatenganisha.

La kwanza ni la utumbo. Ukuta wa utumbo mwembamba huvuta fruktosi kwa kiasi maalumu tu. Ikizidi, inayobaki huteremka hadi utumbo mpana ambako vijidudu huichachusha. Matokeo yake ni gesi, tumbo kujaa na kunguruma, maumivu, na pengine kuhara. Watu wengi hata wenye afya nzuri hushindwa kuvuta gramu 50 za fruktosi kwa mpigo mmoja. Walio na tatizo hili hushindwa hata kiasi kidogo. Linaudhi na linaaibisha, lakini haliui.

Kwa watu wa kundi hili jambo la kuangalia ni uwiano. Glukosi huisaidia fruktosi kupita katika ukuta wa utumbo. Tunda ambalo fruktosi yake inazidi sana glukosi ndilo linalosumbua. Embe ni mfano mzuri, maana fruktosi yake ni zaidi ya mara mbili ya glukosi. Tikiti maji ni hivyo hivyo. Asali nayo ina fruktosi nyingi kuliko glukosi. Katika balungi aina hizo mbili zinakaribiana, na kiasi chenyewe ni kidogo. Kwa sababu hiyo balungi ni miongoni mwa matunda ambayo mtu wa kundi hili anaweza kuyajaribu, mradi aanze na vipande vichache baada ya chakula, asizidishe nusu ya tunda kwa wakati mmoja, na asinywe juisi yake, kwa kuwa gilasi moja hukamuliwa kutoka katika matunda kadhaa. Papai lililoiva pia humfaa, kwani glukosi yake haipungui fruktosi.

Hapa niseme neno juu ya vidonda vya tumbo. Wengi wetu tukiumwa na tumbo baada ya kula tunda huamua wenyewe kwamba tuna vidonda. Ni kweli kwamba asidi ya balungi huweza kumchoma mwenye kiungulia, lakini mchomo huo husikika mapema, tena juu, chini ya kifua. Gesi na kuhara kwa fruktosi huja baadaye na chini ya kitovu. Mgonjwa akimweleza daktari saa na mahali pa maumivu, amemsaidia sana.

Tatizo la pili ni la ini, nalo ni la kurithi. Mtu huzaliwa akiwa na upungufu wa kimeng'enya cha ini kiitwacho aldolasi B. Utumbo wake huvuta fruktosi vizuri, lakini ini likiipokea linashindwa kuimaliza. Inarundikana na kuwa sumu. Glukosi ya damu hushuka ghafla, mgonjwa hutapika, hutoka jasho, hutetemeka, na pengine hupoteza fahamu. Akiendelea kulishwa fruktosi, ini huvimba, macho huwa manjano, na figo nazo huharibika.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1956 na madaktari Chambers na Pratt wa London, na mwaka uliofuata madaktari wa Uswisi wakaonyesha kwamba unafuata ukoo. Mtoto huupata iwapo baba na mama, wote wawili, wamebeba kasoro hiyo, ingawa wao wenyewe ni wazima. Huko Ulaya hukadiriwa kwamba mtoto mmoja kati ya 20,000 huzaliwa nao. Ni nadra, lakini unadra haumsaidii aliyeupata.

Kwa mgonjwa wa aina hii wataalamu wa lishe hutaka fruktosi ya siku nzima isizidi gramu moja au mbili. Sasa rudi kwenye hesabu ya balungi. Nusu yake, ambayo huwa na gramu 120 hivi za nyama, ina fruktosi karibu gramu 4 ukijumlisha na ile ya sukrosi. Yaani nusu ya tunda chungu, lile linalosifiwa kwamba halina sukari, ni zaidi ya mara mbili ya kiasi anachoruhusiwa kwa siku nzima. Huyu hana balungi dogo wala kubwa. Kwake balungi ni marufuku.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaotoa jibu moja kwa swali la iwapo balungi linamfaa mtu asiyepatana na fruktosi. Kwa wa utumbo, ndiyo, kwa kiasi. Kwa wa ini, hapana kabisa. Anayejibu kabla ya kuuliza ni ugonjwa gani kati ya hiyo miwili anacheza na maisha ya mtu.

Mtoto anayeachishwa ziwa

Watu wazima wenye ugonjwa wa ini wa kurithi mara nyingi wamejifundisha wenyewe. Tangu utotoni wanachukia peremende, soda na matunda, na meno yao hayajatoboka. Wanaoitwa wateuzi wa chakula pengine ni watu waliojiokoa bila kujua. Hatari hasa ni kwa mtoto ambaye hawezi kusema.

Chukua mfano wa mama wa Mwatate au Wundanyi. Mtoto wake ananyonya vizuri na kunenepa kwa miezi sita, kwa sababu maziwa ya mama hayana fruktosi. Mwezi wa saba anaanza kupewa uji wenye sukari, ndizi mbivu iliyopondwa na maji ya matunda. Mtoto anaanza kutapika, analegea, hanenepi tena. Siku moja anapatwa na degedege. Jirani mmoja anasema ni malaria, mwingine anasema ni meno yanaota, na yupo atakayesema ni jicho la mtu. Mama anampa maji ya matunda zaidi ili apate nguvu.

Ni kweli kwamba malaria ni sababu ya kawaida zaidi ya degedege, na mtoto wa namna hiyo lazima apimwe malaria bila kuchelewa. Lakini vipimo vikionyesha hana malaria, na matapishi yakaendelea, lipo swali moja ambalo halihitaji mtambo wowote: je, mtoto huyu alianza kuugua kabla au baada ya kuanza kula vitu vitamu? Mama analijua jibu. Linalotakiwa ni mtu wa kumuuliza.

Yapo na mambo mengine mawili ambayo wazazi hawaambiwi. Dawa nyingi za maji za watoto, zikiwemo za kikohozi, za homa na baadhi ya viuavijasumu, hutiwa sukrosi au sorbitoli ili ziwe tamu. Sorbitoli ikifika kwenye ini hugeuka kuwa fruktosi. Mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza kuzidiwa na dawa yenyewe.

Jambo la pili ni maji ya chumvi na sukari yanayokorogwa nyumbani mtoto anapohara. Maji hayo yameokoa watoto wengi na sisemi yaachwe. Lakini sukari inayotiwa humo ni ya mezani, ambayo nusu yake ni fruktosi. Ile dawa ya kuhara ya pakiti itolewayo zahanati imetengenezwa kwa glukosi. Kwa mtoto anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa fruktosi, pakiti ya zahanati ndiyo inayofaa. Wazee walisema chelewa chelewa utampata mwana si wako, na hapa kuchelewa kwenyewe kunaweza kuwa kwa saa chache.

Faraja ni kwamba mtoto akitambuliwa mapema na vyakula vyenye fruktosi vikaondolewa, hupona na kukua kama wenzake. Ugali, wali, maziwa yasiyotiwa sukari, mayai, nyama na samaki vyote ni vyake. Viazi vitamu, miwa, asali na matunda si vyake. Vitamini C atahitaji kuipata kwa vidonge visivyo na sukari, kwa maelekezo ya daktari.

Balungi na vidonge

Hata kwa asiye na shida na fruktosi, balungi lina sharti jingine ambalo halina budi kutajwa. Mwaka 1989 kundi la watafiti likiongozwa na David Bailey, katika mji wa London ulioko Ontario, Kanada, lilikuwa likichunguza dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini pamoja na pombe. Walitumia juisi ya balungi ili kuficha ladha ya pombe. Wakashangaa kukuta dawa imepanda katika damu kupita ilivyotarajiwa. Aliyefanya hivyo hakuwa pombe bali balungi.

Sababu yake ni kwamba balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo ambacho kazi yake ni kuvunja sehemu ya dawa kabla haijaingia katika damu. Athari hiyo huweza kudumu zaidi ya siku nzima, hivyo kumeza dawa asubuhi na kula balungi jioni si kinga. Furungu na danzi vina tabia hiyo hiyo, lakini chungwa tamu la kawaida halina.

Dawa zinazohusika ni pamoja na nifedipini ya shinikizo la damu, simvastatini na atovastatini za kupunguza mafuta katika damu, na kabamazepini ya kifafa. Artemetha, ambayo imo katika dawa mseto ya malaria inayotumiwa nchini Kenya tangu mwaka 2006, nayo hupanda katika damu ikichanganyika na juisi ya balungi. Dawa hiyo humezwa vizuri zaidi pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Asiache mtu dawa yake kwa ajili ya tunda. Aache tunda, au amuulize mfamasia.

Yanayopasa kufanywa

Sipendekezi kwamba wakazi wa Voi waogope matunda. Hatari kubwa zaidi kwa wengi wetu ni kula matunda machache mno. Ninachopinga ni ushauri wa jumla unaotolewa bila kuuliza.

Kwanza, katika kliniki za mama na mtoto, kuanzia zahanati za Kasighau na Sagalla hadi hospitali ya rufaa ya kaunti ya Moi mjini Voi na ile ya Wesu, swali la mtoto alianza lini kutapika, na alikuwa amelishwa nini, liulizwe kila mtoto anapoacha kunenepa baada ya kuanza chakula. Swali halina gharama.

Pili, wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba, ambao mwaka 2023 serikali iliwapa mikoba ya vifaa, wafundishwe kwamba mtoto aliyelegea na kutoka jasho baada ya kula kitu kitamu anahitaji kupimwa sukari ya damu na kupelekwa hospitali papo hapo. Huko akipewa glukosi kwa mshipa atainuka, lakini akipewa juisi nyumbani atazidi kudidimia.

Tatu, wenye maduka ya dawa wawe tayari kumsomea mteja yaliyoandikwa kwenye chupa. Mzazi akiuliza kama dawa ina sukari au sorbitoli, asionekane msumbufu.

Nne, sisi wenyewe tuache kujitibu kwa uvumi. Mwenye kuumwa na tumbo kila alapo matunda aandike kwa wiki mbili alichokula, saa aliyokula na kilichotokea, kisha aipeleke karatasi hiyo kwa daktari. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Na anayeuza balungi aendelee kuliuza. Ni tunda zuri, la bei isiyomtisha mtu, na lenye vitamini ya kutosha. Ila mnunuzi akimuuliza kama lina sukari, amwambie ukweli kwamba ndiyo, linayo, na uchungu haujaipunguza hata kidogo.